Uhandisi jeni wa kuvu kwa ajili ya dawa

Uhandisi jeni wa kuvu ni tawi la bioteknolojia ambamo wataalamu huingiza, huondoa au hubadilisha jeni ndani ya seli za kuvu, hasa hamira, ili kuvu hiyo itengeneze dutu ambayo kwa asili haiwezi kuitengeneza, au iitengeneze kwa wingi zaidi. Dutu zinazotafutwa kwa njia hii ni pamoja na protini za chanjo, homoni kama insulini, na kemikali za dawa ambazo kwa kawaida hupatikana katika mimea.

Wakazi wengi wa Afrika Mashariki wameshatumia mazao ya teknolojia hii bila kuifahamu kwa jina. Watoto wa Tanzania huchanjwa dhidi ya homa ya ini B tangu mwaka 2002. Wasichana wa mkoa wa Kilimanjaro walipewa chanjo ya virusi vya HPV katika mradi wa majaribio ulioanza mwaka 2014. Wagonjwa wengi wa kisukari hujidunga insulini iliyotoka katika matangi ya hamira. Upande mwingine, wakulima wa pakanga wa Tanzania, Kenya na Uganda walijikuta wakishindana sokoni na hamira iliyofundishwa kutengeneza malighafi ya dawa ya malaria.

Kuvu na hamira

Kuvu ni kundi la viumbehai ambao si mimea wala wanyama. Ndani yake mna uyoga, ukungu wa mkate na hamira. Hamira (pia chachu) ni kuvu ya seli moja isiyoonekana kwa macho. Aina inayojulikana zaidi ni Saccharomyces cerevisiae, inayotumika kuumua mkate na maandazi na kutengeneza pombe.

Kazi ya hamira inaonekana vizuri katika mbege, pombe ya Wachagga. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Hamira zilizo katika vyombo, hewani na katika malighafi hula sukari na kuacha alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo huleta povu. Kiwanda cha dawa kinafuata kanuni ileile: hamira hupewa sukari, joto linalofaa na muda. Tofauti ni mbili. Kwanza, chombo husafishwa kabisa ili aina moja tu ya hamira iishi ndani yake. Pili, hamira hiyo imepewa jeni mpya, hivyo pamoja na kujilisha na kuzaana inatengeneza pia dutu inayotakiwa na binadamu.

Kwa nini kuvu?

Kiumbe cha kwanza kutumika katika uhandisi jeni wa dawa kilikuwa bakteria Escherichia coli. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria huyo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1982. Hata hivyo bakteria ana upungufu: seli yake haina kiini, na protini nyingi kubwa za binadamu au za virusi hazikunjwi sawasawa ndani yake. Protini isiyokunjwa sawasawa ni kama ufunguo uliopinda, kwani haifanyi kazi hata kama imetengenezwa kwa madini yaleyale.

Seli ya kuvu ina kiini na vyumba vya ndani vinavyofanana na vya seli za wanyama. Kwa hiyo inaweza kukunja protini nyingi vizuri zaidi na hata kuziambatisha sukari. Zaidi ya hayo:

- hamira huzaana haraka, ikigawanyika takriban kila baada ya dakika 90 katika mazingira mazuri;
- chakula chake ni sukari na chumvichumvi za bei nafuu;
- binadamu ameitumia kwa maelfu ya miaka, na usalama wake unajulikana;
- jeni zake zinafahamika. Mwaka 1996 hamira ilikuwa kiumbe cha kwanza chenye kiini cha seli kusomwa DNA yake yote: jozi za besi takriban milioni 12, jeni takriban 6,000, katika kromosomu 16.

Historia

Dawa ya kwanza maarufu kutoka kuvu ni penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming jijini London mwaka 1928. Kuvu ya Fleming ilitoa dawa kidogo mno. Mwaka 1943 watafiti wa Peoria, Marekani, walipata katika tikiti lililoota ukungu kuvu ya Penicillium iliyotoa dawa nyingi zaidi. Baadaye kuvu hiyo ilipigwa kwa eksirei na mwanga wa urujuani ili jeni zake zibadilike ovyo, na wataalamu wakachagua zile chache zilizotoa penisilini nyingi.

Njia hiyo haikuwa uhandisi jeni kwa maana kamili, kwa sababu hakuna aliyejua ni jeni ipi iliyobadilika. Ilifanana na mkulima anayechagua mbegu bora msimu baada ya msimu. Uhandisi wenyewe ulianza mwaka 1978, wakati kikundi cha Gerald Fink katika Chuo Kikuu cha Cornell kilipofaulu kuingiza DNA kutoka nje ndani ya hamira na kuifanya ibaki humo hata seli zilipozaana. Miaka minne baadaye, mwaka 1982, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba hamira imetengeneza protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B. Kutoka hapo chanjo ilipatikana ndani ya miaka michache.

Namna inavyofanyika

Kwa kifupi kazi hupitia hatua zifuatazo:

1. Kutambua jeni. Wataalamu hutafuta jeni inayobeba maelekezo ya protini inayotakiwa, kwa mfano jeni ya insulini ya binadamu.
2. Kuiandaa. Jeni huunganishwa na kipande cha DNA kinachofanya kazi kama swichi, ili hamira ijue lini iisome. Mara nyingi huwekwa katika plasmidi, yaani duara dogo la DNA, au hupachikwa moja kwa moja katika kromosomu.
3. Kuiingiza. Ukuta wa seli hulegezwa kwa kemikali au kwa umeme ili DNA ipenye.
4. Kuchagua. Seli chache tu hupokea jeni. Hizo hutenganishwa na nyingine kwa kutumia alama iliyoambatishwa na jeni.
5. Kuchachusha. Hamira iliyochaguliwa hukuzwa kwanza katika chupa, halafu katika tangi dogo, mwishowe katika matangi ya maelfu ya lita.
6. Kutenga na kusafisha. Dutu inayotakiwa hutenganishwa na hamira, husafishwa na kupimwa. Kwa kawaida hatua hii ina gharama kubwa.

Ni vema kukumbuka tofauti kati ya aina mbili za bidhaa. Kwa protini, kama ile ya chanjo, mara nyingi jeni moja inatosha. Kwa kemikali ya mmea, mmea wenyewe hutumia vimeng'enya vingi vinavyopokezana kazi, kila kimoja kikibadilisha kidogo kile alichokiacha mwenzake. Hapo hamira inahitaji kupewa jeni kadhaa, na njia zake za asili za kutumia sukari hurekebishwa pia. Ndiyo sababu chanjo zilitangulia kwa miaka mingi, na dawa za mimea zikafuata.

Chanjo ya homa ya ini B

Virusi vya homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtoto anayeambukizwa akiwa mchanga yuko katika hatari kubwa ya kubaki na virusi maisha yote, na baadaye kupata ini kusinyaa au saratani ya ini.

Chanjo ya kwanza, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitolewa katika damu ya watu wenye virusi. Ilifanya kazi, lakini ilitegemea upatikanaji wa damu ya wagonjwa, na wengi waliogopa kwamba ingeleta maambukizi mengine. Mwaka 1986 iliruhusiwa chanjo iliyotengenezwa na hamira. Ilikuwa chanjo ya kwanza ya binadamu kutokana na uhandisi jeni. Hamira hutengeneza protini ya ganda la virusi pekee, bila virusi vyenyewe, kwa hiyo chanjo haiwezi kumwambukiza mtu.

Mwanzoni bei ilikuwa kubwa kwa nchi maskini. Hali ilibadilika viwanda vya Asia vilipoanza kuitengeneza. Nchini India kampuni ya Shantha Biotechnics ilitoa chanjo yake mwaka 1997 kwa kutumia hamira nyingine, Pichia pastoris, inayoweza kulishwa methanoli. Tanzania iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na tangu mwaka 2009 imo katika chanjo ya mchanganyiko wa tano inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na maradhi ya bakteria Hib, kama kichomi na homa ya uti wa mgongo. Kadi ya kliniki ya mtoto huionesha kwa jina la Penta.

Chanjo ya HPV na mkoa wa Kilimanjaro

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya papiloma vya binadamu (HPV), jambo lililothibitishwa na Mjerumani Harald zur Hausen, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina mbili za virusi hivyo, 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Nchini Tanzania inakadiriwa kwamba wanawake takriban 10,000 hugunduliwa kuwa na saratani hiyo kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Mwaka 1991 Ian Frazer na Jian Zhou, huko Australia, waligundua kwamba protini ya ganda la HPV, iitwayo L1, inaweza kujipanga yenyewe. Protini 360 hukusanyika tano tano katika mafungu 72 na kuunda mpira mtupu unaofanana na virusi kwa nje. Ndani yake hamna DNA ya virusi. Kinga ya mwili huudhania kuwa virusi halisi na kujiandaa. Chanjo ya Gardasil, iliyoruhusiwa kwanza mwaka 2006, hutengenezwa kwa kuipa hamira jeni ya L1 ya kila aina ya virusi inayolengwa.

Tanzania ilichagua mkoa wa Kilimanjaro kwa mradi wa majaribio mwaka 2014, kwa msaada wa shirika la Gavi. Wasichana wa umri wa shule ya msingi walichanjwa shuleni na katika vituo vya afya. Aprili 2018 chanjo ilipelekwa nchi nzima, ikianza na wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili. Wakati huohuo jijini Mwanza utafiti uitwao DoRIS, wenye wasichana 930, ulikuwa ukilinganisha dozi moja, mbili na tatu. Matokeo yake yalikuwa sehemu ya ushahidi ulioliwezesha Shirika la Afya Duniani (WHO) kukubali ratiba ya dozi moja mwishoni mwa mwaka 2022. Tanzania iliifuata mwaka 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Uvumi kwamba chanjo hii hufunga uzazi ulisikika katika sehemu mbalimbali za nchi. Kwa kujua jinsi inavyotengenezwa, mzazi anaweza kuupima uvumi huo: kinachodungwa ni hasa protini ya ganda la virusi, chumvi ya alumini inayosaidia kuamsha kinga, na maji yenye chumvichumvi. Hamna homoni wala virusi hai. Kinyume chake, saratani yenyewe ndiyo inayoweza kumpotezea mwanamke kizazi chake, kwani tiba mara nyingi ni kukiondoa au kukichoma kwa mionzi.

Insulini

Zamani insulini ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Novo ya Denmark (leo Novo Nordisk) huitengeneza kwa hamira yenye jeni ya binadamu. Hamira huitoa nje ya seli, na hiyo hurahisisha kuitenga. Insulini ya namna hii haitegemei machinjio, nayo ni ileile inayotengenezwa na mwili wa binadamu. Lakini bado inahitaji jokofu, jambo linaloendelea kuwa tatizo kwa wagonjwa wa vijijini.

Artemisinini: hamira na shamba la pakanga

Artemisinini ni msingi wa dawa mseto za malaria. Mwanasayansi Mchina Tu Youyou na wenzake waliipata katika mmea Artemisia annua mwaka 1972, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2003, na Tanzania Bara ilianza kutumia ALu kati ya mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007.

Mahitaji yalipanda ghafla. Katikati ya miaka ya 2000 bei ya artemisinini ilipita dola 1,000 za Marekani kwa kilo. Kilimo cha pakanga kilienezwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, zikiwemo za Tanzania kaskazini, Kenya na kusini-magharibi mwa Uganda. Kampuni ya Advanced Bio-Extracts ilijenga kiwanda cha kukamua majani huko Athi River, karibu na Nairobi. Mbegu za pakanga ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo miche huanzia kitaluni. Baada ya kuhamishiwa shambani hukaa miezi kadhaa, kisha majani hukaushwa na kupukutwa. Tani moja ya majani makavu yenye artemisinini asilimia 0.7 ina kilo 7 tu za dutu hiyo.

Wakati huohuo Jay Keasling na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wakihamishia jeni za pakanga katika hamira. Mwaka 2004 Mfuko wa Bill na Melinda Gates ulitoa dola milioni 42.6 kwa mradi huo. Mwaka 2006 hamira yao ilitoa asidi ya artemisini, malighafi ya artemisinini, kwa kiasi cha miligramu 100 kwa lita. Mwaka 2013 kiasi kilifika gramu 25 kwa lita. Kwa kipimo cha debe la lita 20, ni sawa na kutoka gramu 2 hadi nusu kilo. Asidi hiyo hugeuzwa kuwa artemisinini kwa kemia na mwanga, kazi iliyofanywa na kampuni ya Sanofi ya Ufaransa katika kiwanda chake cha Garessio, Italia. Agosti 2014 dozi milioni 1.7 za dawa yenye artemisinini ya hamira zilipelekwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Wengi walitarajia hamira iwaondoe wakulima sokoni. Mambo hayakwenda hivyo. Artemisinini ya hamira iliuzwa kwa takriban dola 350 hadi 400 kwa kilo. Mashamba yaliyoongezeka, hasa ya China na Vietnam, yalishusha bei hadi chini ya dola 250. Mwaka 2015 Sanofi haikutengeneza hata kilo moja, kisha ikauza kiwanda kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria.

Hata hivyo wakulima wa Afrika Mashariki hawakuwa washindi. Bei ilikuwa imeshaanguka mara moja mnamo 2007, hadi karibu dola 200, na wengi wao waliacha zao hilo mapema. Kilichowaumiza kwanza ni kuyumba kwa bei. Msimu mmoja pakanga ililipa kuliko mahindi, na msimu uliofuata mnunuzi hakuonekana. Watetezi wa hamira husema kwamba kazi yake ni kuziba pengo wakati mavuno ni machache, ili mgonjwa asikose dawa. Wapinzani hujibu kwamba tishio la hamira pekee linatosha kuwavunja moyo wakulima, na hivyo kuleta uhaba uleule.

Pakanga isichanganywe na Artemisia afra, jamii ya mmea huo inayoota yenyewe kwenye mlima Kilimanjaro na kutumika katika tiba za jadi. WHO haipendekezi chai ya majani ya Artemisia yoyote kwa kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hubadilikabadilika, na dozi pungufu huweza kuvifanya vimelea kuwa sugu.

Usalama na sheria

Hatari kuu za kiafya ni mbili. Mabaki madogo ya protini za hamira huweza kubaki katika chanjo, hivyo mtu mwenye mzio mkali wa hamira anapaswa kumweleza mhudumu kabla ya kuchanjwa. Pili, usafishaji mbaya huweza kuacha uchafu katika dawa; ndiyo maana kila toleo hupimwa.

Nchini Tanzania viumbe vilivyobadilishwa jeni husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2009, zilizorekebishwa mwaka 2015. Dawa na chanjo hukaguliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na serikali iliyasimamisha Novemba 2018. Mjadala huo ulihusu mbegu zinazopandwa mashambani. Dawa za hamira ni jambo tofauti: kiumbe kilichobadilishwa hubaki ndani ya tangi, na kinachomfikia mgonjwa ni dutu iliyosafishwa.

Mwelekeo wa baadaye

Mwaka 2015 Christina Smolke wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walionesha hamira inayogeuza sukari kuwa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Kiasi kilikuwa kidogo mno kwa matumizi, lakini kilizua hofu kwamba siku moja wauza dawa za kulevya wangeweza kuchachusha badala ya kulima. Mwaka 2022 kikundi cha Keasling kilitangaza hamira inayotengeneza vindolini na katharantini, malighafi za vinblastini, dawa ya saratani kutoka mmea wa Madagaska Catharanthus roseus, unaopandwa pia kama ua katika bustani nyingi za Afrika Mashariki.

Kwa nchi zenye mimea hiyo swali linabaki la haki kama lilivyo la sayansi. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992 na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 vinataka nchi yenye mmea ipate sehemu ya faida. Lakini jeni ikishasomwa na kuandikwa katika kompyuta, inaweza kutengenezwa upya popote bila jani hata moja kuvuka mpaka. Nchi inayotaka kufaidika inahitaji maabara, mafundi wa uchachushaji na wanafunzi wanaoielewa biolojia hii, pamoja na mimea yenyewe.

Tazama pia

- Kuvu
- Hamira
- Pakanga
- Chanjo
- Malaria
- Saratani ya mlango wa kizazi